Nimeuona Uso wa Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Pikipiki

Mpendwa Bi Mwanaima wa gazetini,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la ufuta nyuma ya duka la tajiri wangu hapa Kivinje, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika, mke wangu angeniuliza naandika nini na mimi kumdanganya yule usoni siwezi, kwa hiyo nakuomba kama mama yangu unitazame kwa huruma, unijibu upesi, na jina langu tafadhali ulifiche.

Mimi ni mtu wa vilimani, Umatumbi, Mkristo, nina mke na watoto, na kazi yangu ni kuzunguka vijijini nikinunua nta na ufuta kwa ajili ya tajiri huyu. Kwa kazi hiyo nilipata pikipiki ya Kiingereza iliyoachwa na bwana mpima ardhi aliyerudi kwao, na tangu siku ya kwanza kuipanda sijaizoea, nakwambia kweli, kila asubuhi nikiipiga teke ikaitika huwa nasimama kwanza naisikiliza, maana ni ajabu kwangu, chuma kilicholala baridi usiku kucha kinaamka kinatetemeka kama kina roho, na kile kilima nilichokuwa nikikipanda kwa miguu huku nikihema sasa nafika juu yake na uji wa asubuhi bado una moto tumboni.

Ilipokuja ilikuwa uchi, kiti na tangi basi, nikaanza kuivisha. Nilifunga keria ya chuma nyuma, nikashona mikoba miwili ya ngozi ya kuning'inia huku na huku, nikakata bati la debe nikatengeneza ngao za kukinga miguu na tope, nikaweka taa ya pili kwa ajili ya ukungu wa kule juu, nikaweka honi ya mpira inayolia kama bata mzinga, na mbele nikafunga kioo cha upepo nilichokipata kwenye lori lililokufa, na kila nilipoongeza kitu watu walikuja kutazama, hata Jumapili baada ya misa walikuwa wakiizunguka polepole mikono nyuma, hakuna anayegusa, na wazee wanauliza kama usiku huwa inalala.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Mama mkwe wangu, nitamwita Mama Genoveva, anapoteza macho. Yameingia utando mweupe, la kushoto limekwisha kabisa na la kulia anaona mwanga na vivuli tu, na tumeambiwa hapa hospitali ya Kivinje amekuja daktari wa macho, atakaa kitambo kisha anaondoka na meli, na watu wanaotoka kwake wanasimulia mambo ya kutisha kwa uzuri wake, kwamba mtu anaingia akishikwa mkono na baadaye anatoka mwenyewe akitaja rangi za kanga za wauguzi. Mimi mwenyewe nimemwona mzee mmoja pale uwanjani amesimama anatazama mkono wake tu, anaugeuza juu na chini, na machozi yanamtoka, nami nikajikuta nalia naye bila kumjua.

Lakini wewe unajua ukwe. Kwetu mimi na mama mkwe hatutazamani. Tangu nimuoe Brigita sijauona uso wa mama yake wala yeye wangu, akija njia hii mimi naingia porini, nikikaa barazani yeye anapita nyuma ya nyumba amejifunika, na kusema nami moja kwa moja hasemi, akiwa na neno analiambia jiwe la kusagia au kuku nami nasikia. Ilipokuja pikipiki akaanza kuiambia hiyo, anasimama nyuma ya ukuta wa jiko anasema, "We pikipiki, mwambie mwenyewe kwamba chumvi imekwisha," nami naijibu pikipiki, "Haya, mwambie nimesikia," na watoto wanacheka mpaka wanakaa chini. Kwa hiyo nitampakiaje huyu mama nyuma yangu ashike kiuno changu, si bora nife? Lori halipandi kwetu, kumbeba kwa machela ni safari ya kuchosha vijana wengi, na wakati huu vijana wote wako mashambani wanalinda mpunga usiliwe na nguruwe.

Nikajenga kigari cha ubavuni. Nilichukua fremu ya kitanda cha chuma, nikaifunga kushoto kwa pikipiki kwa bolti nzito, nikaweka gurudumu la pikipiki nyingine iliyokufa, nikasuka kamba chini kama kitanda chetu cha kawaida na juu yake godoro la sufi, na kati ya kigari na mimi nikasimamisha ukuta wa mkeka mnene uliobanwa kwa fito, ili yeye awe chumbani kwake na mimi niwe kwangu. Mjomba wa mke wangu, Mzee Romani, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo wao, alikuja akakagua, akaingiza hata vidole kwenye mkeka kuona kama kuna tundu, halafu akasema, "Umefanya kazi ya mtu mwenye adabu. Nenda naye. Lakini mkeka huu usianguke, maana mkwe akimwona mama mkwe usoni, macho ya yule mama ndiyo yanayolipa." Maneno hayo si ya Mzee Romani peke yake, sote tumekuzwa nayo.

Basi wiki iliyopita tulifanya safari ya kujaribu, mpaka mtoni na kurudi. Mke wangu alimketisha mama yake, nikasikia fito zinalia, nikaondoa pikipiki taratibu. Kwenye usukani kuna kioo kidogo cha pembeni ambacho sijakutajia, nilikifunga upande wa kushoto kwa sababu kulia pameshajaa honi na ile taa ya pili, nikarefusha shina lake kidogo ili nilione gurudumu la kigari lisije likachomoka, na tulipoanza kuteremka nikakitupia jicho. Bi Mwanaima, sikuona gurudumu. Niliuona uso wake. Alikuwa ameiteremsha kanga mabegani, kichwa wazi, mdomo wazi, upepo unampiga na anacheka, anacheka bila sauti kama mtoto aliyerushwa juu na baba yake, machozi yanatiririka kwenda masikioni, na uso ule, nakuapia, ni uso wa Brigita, na kidevu ni cha binti yangu mdogo kabisa, niliona watu wangu wote wa nyumbani katika kioo kisichozidi kiganja, na nikashindwa kuondoa macho. Sijui nilitazama muda gani. Pikipiki ikaanza kuyumba, tukagonga jiwe, nikaikamata.

Ndipo nikasikia sauti yake kutoka nyuma ya mkeka, "We pikipiki, mbona unayumba? Umeona nini?"

Nilinyamaza. Ni mara ya kwanza kutoijibu pikipiki. Tangu siku hiyo sili nikashiba. Jumatatu ndiyo safari yenyewe ya kuja huku hospitali. Nikimwambia Mzee Romani atazuia safari, na daktari ataondoka na meli yake, na mama atakaa gizani mpaka anaingia kaburini. Nikinyamaza na macho yasipone, nitakuwa mimi ndiye niliyemmalizia, na nitaendelea kula chakula cha ukoo wake nikijua hivyo. Nimefikiri kukitoa kioo, lakini barabara ya chini ina malori ya mbao yanayokuja kwa nyuma kasi, na kwa mngurumo wa pikipiki siyasikii. Halafu najiuliza, kuona kiooni ni kuona kweli, au ni kuona kivuli tu? Nisaidie, mama. Nimefika mahali sina pa kuweka mguu.

Ni mimi,
Mkwe wa Vilimani


JIBU LA BI MWANAIMA

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hilo la jina. Umeniomba nilifiche, nami nimelificha, na majina ya wenzako nimeyabadilisha. Lakini hebu niambie, pikipiki zenye kitanda ubavuni vilimani kwenu ziko ngapi? Barua hii ingetoka gazetini kesho, keshokutwa Mzee wako angekuwa mlangoni na fimbo. Kwa hiyo jibu lako nakuletea kwa mkono wa dereva anayekuja Kivinje leo hii, na wasomaji wengine watalisoma daktari akishaondoka na meli yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka miwani ikaniangukia kikombeni. Mara ya pili niliiweka mapajani, nikakaa. Miaka mingi watu wananiandikia juu ya wakwe, na karibu wote wanataka kujua namna ya kuwakwepa. Wewe umevunja kitanda chako ukamjengea mkweo chumba chenye gurudumu, ili afike kwa daktari na heshima yake isipungue. Nimeshangaa, na sioni haya kusema nimeshangaa. Mungu akuzidishie.

Sasa nisikilize, maana pa kukugombeza pamefika.

Unaniuliza kuona kiooni ni kuona au si kuona. Ni kuona. Usinitafutie mlango wa uani. Umeuona uso mpaka umenieleza kidevu, halafu unataka nikuambie kwamba ni kivuli? Kivuli hakina kidevu cha binti yako.

Na hicho kioo, bwana fundi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la Lindi, na mimi nimekaa mbele ya lori kuliko wanawake wengi wa umri wangu, kwa hiyo huwezi kunichezea. Sisi tunaendesha kushoto. Lori linalotoka nyuma yako linakupita kulia. Kioo ulikiweka kushoto ili umwone nani, muuza samaki aliyekaa ukingoni? Unasema kulia pamejaa honi. Unasema ulirefusha shina ili uone gurudumu. Gurudumu liko chini, mwanangu, na uso uko juu. Mtu anayetazama gurudumu hukiinamisha kioo.

Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Nasema ulikuwa na hamu, na hamu yenyewe naielewa. Miaka yote hiyo umekula chakula cha mama huyu, umelala na binti yake, umepokea salamu zake kupitia kuku na jiwe la kusagia, na humjui alivyo. Tena alikuwa mgonjwa, umemweka kwenye mashine uliyoiunda mwenyewe, ukataka kujua kama yuko salama. Mkono wako ukakikaza kioo pale moyo ulipotaka. Sema hivyo. Ukiisema hivyo kwanza kwa nafsi yako, mengine yatakuwa mepesi.

Ama hilo la macho, lisikutoe usingizi tena. Utando umeingia machoni mwa Mama Genoveva kabla hujapata pikipiki, kabla ya kioo, kabla ya mkeka. Jicho halipofuki kwa kutazamwa na mtu anayelitakia heri. Wazee walipoliweka neno lile walikuwa wanailinda heshima ya mama, na heshima yake mimi siichezei, huku pwani nasi tunayo. Lakini mganga wa jicho lake ni daktari yule, kwa idhini ya Mungu, na wewe umepewa kazi moja tu ya kumfikisha.

Je, umwambie nani? Unanitajia Mzee Romani, Mzee Romani, kana kwamba uso ule ni wake. Uso ni wa Mama Genoveva. Yeye ndiye aliyeteremsha kanga akiamini yuko peke yake na upepo wake, na yeye ndiye aliyeonwa. Kumficha yeye ukamwambia mjomba ni kumvunjia heshima mara ya pili. Na kumbuka amekuuliza. Amekuuliza waziwazi umeona nini, nawe kwa mara ya kwanza ukamnyima jibu. Unadhani mtu asiyeona hajui maana ya kimya? Masikio yake yanafanya kazi ya macho siku hizi. Nadhani huyo mama ameshajua, naye anangoja kama wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo ukirudi, mwambie mkeo kwanza, mkiwa wawili, bila kuzunguka. Atakasirika, muache akasirike, ana haki. Asubuhi mama akiwa nyuma ya ukuta wake wa jiko, simama mbele ya pikipiki yako, izime kabisa, vua kofia, uiambie kwa sauti atakayoisikia: ulichokiona, ulikionaje, na kwamba unaomba radhi. Usipambe maneno. Usimweleze habari za malori. Kisha ngoja. Akisema haendi nawe, umekubali, na utatafuta njia nyingine hata kama ni kwenda shamba kwa shamba kuwapigia magoti vijana wa machela na kuwalindia mpunga wao. Akisema anakwenda, Mzee Romani ataambiwa na dada yake mwenyewe, kwa wakati atakaoutaka yeye. Radhi ya kimila, kuku na doti ya kanga na chochote ukoo utakachosema, utaipeleka mkisharudi, nawe utaipeleka bila kununa.

Sasa mashine. Honi ing'oe kulia uihamishie katikati, na taa ya pili ishushe chini kwenye ngao, halafu kioo kikae kulia kwenye malori, shina fupi. Mkeka usiishie begani kwa mama, uzungushe mbele pia, maana vumbi la barabara ya chini litamwingia machoni, na daktari hatafungua jicho jekundu. Kitambaa chepesi cha kumfunika uso kiwe na maji kidogo. Chini ya zile kamba weka springi za kiti cha gari, na kama huna, matairi mabovu uyakate vipande, ili mawe yasimfikie mgongoni. Na Brigita asibaki nyumbani akiomba rozari. Akae palepale kwenye godoro na mama yake, amshike. Ikiwa kitanda hakiwezi kubeba wawili, hukukijenga, umekichora tu.

Jambo kubwa kuliko hayo: akishapasuliwa, usithubutu kumrudisha kwa pikipiki siku hiyo wala wiki hiyo. Watu waliopasuliwa macho hulazwa chali, hawatikiswi, hawakohozi ovyo. Nawajua walioharibu jicho lililopona kwa haraka ya kurudi nyumbani. Mtafutieni mahali Kivinje, na wewe kanunue nta yako mpaka daktari mwenyewe, au msaidizi atakayemwachia kazi, atakapotamka kwamba sasa anaweza.

Siku ya kufunguliwa bandeji usiwe chumbani. Kaa nje na mashine yako. Wa kwanza kumwona awe Brigita, na anavyofanana naye kama ulivyonieleza, itamtosha kwa siku hiyo. Baadaye, akiweza kutembea, atataka kukiona kitu kilichomleta. Wewe sogea pembeni, nenda nyuma ya ukuta wa hospitali kama adabu yenu inavyotaka, uwaache mama na mwana waizunguke pikipiki wenyewe.

Lakini kabla hujasogea, chukua kitambaa safi ukifute kile kioo, ukigeuze kielekee atakaposimama. Mama huyo hajauona uso wake tangu macho yalipoanza kufifia. Wewe uliutazama ukashindwa kuondoa macho. Sasa ni zamu yake, na asiharakishwe.

Bi Mwanaima
Lindi